UZI: Kufundisha urithi wa jeni kwa vitendo, S.4 hadi S.6 (sekondari ya Uganda, mwaka wa nne hadi wa sita). Kutoka bogoya mpaka mistari ya jeli

MwalimuWaJinja

Salaam walimu na mafundi wa maabara. Maswali ya urithi wa jeni kwa vitendo yametawanyika kila mahali, tuyakusanye hapa.

Naanza na lawama. Somo la DNA katika shule nyingi ni lile la ndizi: watoto wanaponda bogoya, wanamimina spiriti, uzi mweupe unaelea, makofi yanapigwa, halafu kesho yake mwalimu anachora mraba wa Punnett (jedwali la kupanga jeni za wazazi kwa watoto) ubaoni kana kwamba ni somo jingine kabisa. Ule ute mweupe hauonyeshi urithi. Unaonyesha kwamba DNA ipo, basi. Mtoto hajaona aleli, yaani matoleo tofauti ya jeni moja, wala hajaona kwa nini ndugu wa tumbo moja wanatofautiana.

Pendekezo langu ni ngazi tatu. Kutoa DNA, kipindi kimoja. Jeli ya rangi inayoiga familia, vipindi viwili. Kisha PCR yenyewe (kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa mashine) kwa shule inayoweza kuazima mashine. Ngazi ya pili ndiyo yenye nyama, na ndiyo inayorukwa.

Ya kwanza niimalize haraka. Kundi la watoto wanne au watano: maji 90 ml, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo 10 ml, chumvi ya mezani 2 g (theluthi ya kijiko cha chai). Koroga taratibu, povu halina kazi. Chukua kitunguu 50 g kilichokatwa vipande vidogo sana, mimina juu yake 50 ml ya mchanganyiko huo, weka kwenye maji ya 60°C kwa dakika 10, toa, weka kwenye beseni la maji baridi dakika 5. Chuja kwa chujio la chai lenye kitambaa safi ndani. Pima 5 ml ya maji yaliyochujwa kwenye neli, iinamishe, na umimine ethanoli 10 ml iliyolala kwenye friza, ipite polepole ukutani mwa neli ikae juu. Usitikise. Ndani ya dakika 3 hadi 5 nyuzi zinapanda kutoka mpakani mwa tabaka mbili.

Sabuni inavunja utando wa seli na wa kiini. Chumvi inafunika chaji hasi za DNA ili nyuzi zishikane. Joto linalegeza vimeng'enya vinavyokata DNA. Ukipitisha 80°C unaanza kuiharibu DNA yenyewe.

---

Mgeni_S5

Mwalimu, asante. Maswali mawili. Hatuna kipimajoto kinachofaa. Na je, waragi, pombe yetu kali, haiwezi kufanya kazi ya ethanoli? Dukani ipo, ethanoli haipo.

---

FundiJeli

La kipimajoto ni hesabu tu. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu 96°C. Ya bomba yana 24°C hivi. Kikombe kimoja cha maji yanayotokota kwa kikombe kimoja cha bomba, unapata 60°C. Chombo kinameza joto kidogo, kwa hiyo kisuuze kwanza kwa maji ya moto. Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, yanachemka karibu 93°C na ya bomba ni baridi zaidi, basi ongeza ya moto kidogo.

Waragi hapana, ssebo. Ya dukani ina ethanoli kama asilimia 40. Ukiweka 10 ml juu ya 5 ml ya maji ya kitunguu na vikachanganyika, unabaki na asilimia 27. DNA inaganda pale mchanganyiko wote unapokaribia asilimia 65 hivi. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa ethanoli ya asilimia 95: unapata 63, na mpakani juu kuna zaidi ya hapo. Ndiyo maana ile inafanya kazi na hii inakupa neli ya maji yenye harufu ya baa.

Jeli ya kutakasa mikono nayo usiiguse: ina kizito kinachoganda na kuonekana kama DNA. Spiriti ya duka la dawa soma kibandiko chake. Ikiwa ni isopropanoli ya asilimia 90 na kuendelea, ni bora kuliko ethanoli kwa kuwa inatosha ujazo sawa kwa sawa, 5 kwa 5. Ikiwa ni asilimia 70, mimina ujazo mara tatu na utegemee nyuzi chache.

Jambo la usalama ambalo halina mjadala: sigiri inayochemsha maji ikae nje, ethanoli ikae ndani. Mvuke wa ethanoli unatambaa juu ya meza hadi kwenye kaa la moto.

---

NnyaboChelex

Niongeze kwa nini mwalimu kasema kitunguu na si bogoya. Ndizi iliyoiva imejaa pektini, na pektini nayo inaganda kwenye spiriti. Nusu ya "DNA" ambayo watoto wanapiga picha ni jemu. Namna ya kutofautisha kwa macho: pektini ni donge linalotetemeka lililojaa mapovu, ukiliinua linakatika kama uji wa mhogo. DNA ni nyuzi, ukizungusha kijiti cha mshikaki zinajisokota na kukifuata. Kitunguu kina pektini kidogo na jenomu yake ni kubwa mno, karibu mara tano ya ya binadamu. Ini la kuku pia ni zuri sana, ila ongeza juisi mbichi ya papai kijiko kimoja. Papeini yake inakata protini ambazo DNA imejiviringisha. Papai lililochemshwa halifanyi kitu.

Blenda ikitumika, sekunde 10 tu. Ukisaga kama unatengeneza juisi, DNA inakatika vipande vifupi visivyosokoteka, na unabaki na ukungu mweupe badala ya uzi.

Bogoya na matooke (ndizi za kupika) zina faida moja darasani, lakini ni ya mjadala tu: matooke yetu ya nyanda za juu yana seti tatu za kromosomu, 11 mara tatu, jumla 33. Seti tatu hazigawanyiki sawa wakati wa kutengeneza gameti, kwa hiyo hakuna mbegu, mkulima anapanda machipukizi. Mwambie mwanafunzi achore mraba wa Punnett wa matooke uone atakavyokwama. Kukwama huko ndiko somo.

---

MwalimuWaJinja

Sasa ngazi ya pili. Nimechagua selimundu kwa sababu kila darasa Uganda linaijua, na kwa sababu badiliko lake ni herufi moja. Jeni ya HBB, kromosomu ya 11, kodoni ya 6: GAG imekuwa GTG, asidi glutamiki imekuwa valini. Herufi hiyo hiyo inafuta mahali ambapo kimeng'enya MstII hukata. MstII inatafuta CCTNAGG (N ni herufi yoyote). Aleli ya kawaida ina CCTGAGG, inakatwa. Aleli ya S ina CCTGTGG, haikatwi. Kwa hiyo kipande cha S kinabaki kizima, jozi-besi 1,350, na kipande cha A kinagawanyika kuwa 1,150 na 200.

Damu ya mtu haihitajiki hata tone. Tunaiga kwa rangi za chakula:

Kichupa "S": rangi ya buluu peke yake (E133). Inatembea polepole, ndiyo kipande cha 1,350.
Kichupa "A": nyekundu (E129) na njano (E102) nusu kwa nusu. Nyekundu ni 1,150, njano inayokimbia mbele ni 200.
Mtu wa AA anapewa kutoka kichupa A tu. SS kutoka S tu. AS ujazo sawa wa vyote viwili.

Kila kichupa ongeza gliserini ya duka la dawa, sehemu moja kwa tatu za rangi, la sivyo rangi inaelea nje ya kishimo badala ya kuzama.

Wanafunzi wakipakia mzazi, mzazi na watoto wanne, wanasoma jenotaipu (jozi ya aleli) ya kila mmoja kwenye jeli, ndipo wachore mraba. Kwa mpangilio huo, mraba unakuja kueleza kitu walichokwisha kukiona.

---

HesabuTu

Mwalimu, hapo kwa AS umepotoka. Ripoti ya hospitali ya mtu mwenye AS inaonyesha mistari miwili, A na S. Wewe unatoa mitatu. Mtoto akienda kituo cha afya na baba yake akaona karatasi, atasema mwalimu wa biolojia ni mwongo.

---

NnyaboChelex

Mkuu, nyote wawili mko sawa, na hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa, acha tukae kidogo.

Karatasi ya hospitali ni elektroforesi (kutenganisha molekuli kwa umeme) ya *hemoglobini*, yaani protini. Mwaka 1949 Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya S inatembea tofauti kwenye uga wa umeme. Sababu ni chaji: asidi glutamiki ina chaji hasi, valini haina. Hemoglobini moja ina minyororo miwili ya beta, basi S imepoteza chaji hasi mbili, inavutwa na upande chanya kwa nguvu ndogo, inachelewa. Mtu wa AS anatengeneza protini za aina mbili. Mistari miwili.

Jeli ya mwalimu inaiga *DNA iliyokatwa*. Mtu wa AS ana kromosomu moja isiyokatwa (kipande kimoja) na moja iliyokatwa (vipande viwili). Moja kujumlisha mbili ni tatu. Hapa DNA haitofautiani kwa chaji, kila kipande kina chaji hasi kulingana na urefu wake. Inatofautiana kwa ukubwa: kifupi kinapenya matundu ya jeli upesi.

Swali zuri la mtihani wa S.6: mpe mwanafunzi picha mbili za mtu yule yule wa AS, moja ina mistari miwili, nyingine mitatu, aeleze. Aliyekariri hatoki hapo.

Na lazima wasikie hili pia: idadi ya mistari siyo idadi ya aleli. AA anaonyesha miwili na bado ana aleli ya aina moja. Mwanafunzi akiona mistari miwili anaandika "heterozigoti" (mwenye aleli mbili tofauti) bila kufikiri. Kabla ya kuwasha umeme, walazimishe wachore kwa penseli jeli wanayoitarajia.

---

HesabuTu

Nimeelewa dada, naondoa pingamizi. Ila rangi za kichupa zinamwaga siri. A ni chungwa, S ni buluu, AS ni kahawia. Mtoto anasoma kichupa, hajali jeli.

---

MwalimuWaJinja

Ni kweli. Unaweza kuzungushia vichupa karatasi ya foili na kumwachia mtu wa kundi jingine kazi ya kupakia. Mimi naona afadhali kuitumia hiyo siri. Mwambie: jicho lako limeona kahawia, niambie ndani kuna nini. Hawezi. Jeli ndiyo inayofungua kahawia kuwa njano, nyekundu na buluu. Hiyo ndiyo kazi ya elektroforesi, imeonyeshwa bila hotuba.

Fundi, tupe ujenzi wa kisanduku.

---

FundiJeli

Sawa. Kisanduku: kopo la plastiki la chakula, lenye urefu wa sentimita 12 hivi na kina cha 5. Ndani yake weka trei ndogo ya jeli, hata sahani ya sabuni iliyokatwa ncha mbili inafaa. Chanuo la kutengeneza vishimo: kata kadi ngumu ya plastiki meno ya upana wa mm 5, unene wa kadi mbili zilizobandikwa pamoja, nayo isiguse chini ya trei. Acha mm 1 hadi 2. Ikigusa, kishimo kinatoboka na rangi inavuja chini ya jeli. Hili ndilo kosa nambari moja na watu hulaumu rangi.

Jeli: agarosi 0.5 g kwa 50 ml ya bafa (maji ya chumvichumvi yanayopitisha umeme na kutunza pH) ndiyo asilimia 1. Kwa rangi tu, agari ya unga inatosha kwa kipimo hicho hicho, lakini isiwe ile ya kitindamlo yenye sukari na ladha. Jelatini hapana: inayeyuka kwenye joto la mchana wetu. Chemsha hadi iwe angavu kabisa bila chembe, iache ipoe mpaka uweze kushika chupa kwa mkono, ndipo umimine. Ukiimimina ya moto inapinda trei. Kaa dakika 20 hadi 30, na chanuo litoe wima baada ya kufunika jeli kwa bafa, vishimo havitapasuka.

Bafa: TAE au TBE ikiwepo. Isipokuwepo, bekingi soda 2 g kwa lita moja ya maji, yaani bikaboneti ya sodiamu. Usichanganye na bekingi pauda, ile ina tindikali na wanga. Tumia bafa hiyo hiyo ndani ya jeli na juu ya jeli. Anayepika jeli kwa maji matupu anashangaa rangi haitembei vizuri. Na usiongeze chumvi ya mezani "ili umeme upite vizuri". Utapita kweli, jeli itapata joto, na kwenye elektrodi chanya utanusa klorini.

Elektrodi: waya wa chuma cha pua au risasi ya penseli iliyochongwa pande zote mbili. Waya wa shaba unaliwa upande wa chanya na kugeuza bafa kijani.

Umeme: betri tano za volti 9 zilizounganishwa mfululizo ni volti 45. Elektrodi zikiwa sentimita 10 kutoka moja hadi nyingine ni volti 4.5 kwa sentimita, ndipo hasa tunapotaka. Rangi zinaachana vizuri kwa dakika 30 hadi 45. Chukua alkalini, zile za bei chee za zinki-kaboni zinashuka katikati ya kipindi. Pima wakati zinafanya kazi, si zikiwa mfukoni: iliyoshuka chini ya volti 7 itoe. Betri tatu za bodaboda mfululizo, volti 36, zinafaa pia na hazichoki, lakini zikigusana waya zinaweza kuwasha moto, lazima fyuzi ya ampea 1. Umeme wa ukutani, volti 240, kuuchomeka moja kwa moja ni kifo. Sitaki kuona mtu anauliza tena.

Mwisho, kuangalia kama hujageuza waya. Washa kabla ya kupakia rangi, tazama mapovu. Upande wenye mapovu mengi zaidi ni hasi: pale inatoka hidrojeni, mara mbili ya oksijeni ya upande wa pili. Vishimo vikae upande huo. Rangi hizi zote tatu zina chaji hasi kama DNA, zinakimbilia chanya. Ukiweka metilini buluu kwa kukosa ya chakula, yenyewe ina chaji chanya na itarudi nyuma, itoke nje ya jeli.

---

Mgeni_S5

Rangi za Kikuubo, soko la jumla la Kampala, zimeandikwa "food colour" tu, bila namba ya E. Nitajuaje?

---

FundiJeli

Jaribu kila rangi peke yake kwenye kishimo chake siku moja kabla. Ya kijani karibu kila mara ni njano na buluu. "Nyekundu" nyingine ni rangi tofauti kabisa na E129, na mwendo wake ni wake. Haijalishi jina, tafuta tatu tu zinazoachana, andika ipi ya kwanza, ipi ya mwisho. Njano ni hafifu kwa macho, weka karatasi nyeupe chini. Soma jeli pale pale ukizima: rangi ni molekuli ndogo, zinasambaa, ukiiacha hadi kesho unakuta madoa.

---

HesabuTu

Sasa niingie nilipozoea. Walimu, msiwape wanafunzi familia ya wazazi AS × AS yenye watoto wanne wa AA, AS, AS, SS. Mnawafundisha kwamba 1:2:1 ni sheria ya kila nyumba. Uwezekano wa familia ya watoto wanne kupata mgawanyo huo kamili ni 12/64, asilimia 18.75 tu. Na uwezekano wa kutopata SS hata mmoja ni 3/4 ikizidishwa yenyewe mara nne, 81/256, karibu asilimia 32. Ndiyo maana mtu anasema "sisi tulipimwa wote AS na watoto wetu wanne wazima, hospitali ilikosea". Haikukosea.

Fanyeni hivi: kila kundi liweke harage moja jeupe (A) na moja jeusi (S) katika kila kimoja cha vikombe viwili, kikombe cha mama na cha baba, wachote moja moja bila kutazama, ndipo wachanganye kichupa kwa matokeo yaliyotoka. Makundi 12, watoto 48. Kila jeli itakuwa na sura yake. Jumlisheni ubaoni, hapo ndipo 1:2:1 inaanza kujitokeza. Harage likichotwa lirudishwe kikombeni, ama sivyo hesabu inaharibika. Hili husahaulika.

Kwa S.6 kuna data halisi ya nchi. Uchunguzi wa selimundu wa 2014 hadi 2015 ulipima madoa makavu ya damu ya watoto wachanga: matokeo 97,631, AS 12,979 (asilimia 13.3), SS 716 (asilimia 0.7). Wapeni wapige wenyewe q, yaani sehemu ya aleli zote ambayo ni S:

q = (12,979 + 2 × 716) ÷ (2 × 97,631) = 14,411 ÷ 195,262 = 0.0738

Kwa Hardy-Weinberg, kanuni ya kukadiria jenotaipu iwapo watu wote wanaoana bila mpangilio, SS inayotarajiwa ni q² × 97,631, karibu 532. Iliyoonekana ni 716. AS inayotarajiwa 13,347, iliyoonekana 12,979. Homozigoti (wenye aleli mbili sawa) wamezidi, heterozigoti wamepungua. Mwanafunzi wa haraka atasema "SS hufa", lakini hiyo ingewapunguza SS, isingewaongeza. Sehemu ya jibu ni kwamba tumechanganya mabwawa mengi tukayaita ziwa moja. Kusini-magharibi AS ilikuwa asilimia 4.6, mashariki ya kati 19.8. Ukijumlisha maeneo yenye q tofauti, lazima homozigoti waonekane wengi kuliko hesabu ya jumla. Na tofauti ya maeneo hayo inarudi kwenye malaria, ambayo AS inakinga kwa kiasi, kama Allison alivyoonyesha 1954.

Hakuna kitabu cha mazoezi chenye mfano mtamu kuliko huo, na ni wa kwetu.

---

NnyaboChelex

Ngazi ya tatu, kwa ufupi kadiri niwezavyo. Jeni inayofaa ni TAS2R38, kromosomu ya 7, ya kuonja uchungu wa kemikali iitwayo PTC. Haihusiani na ugonjwa.

Mwanafunzi asukutue kwa maji ya chumvi ya 0.9%, 10 ml, sekunde 30, ateme kwenye kikombe chake. Zungusha 1 ml kwenye sentrifuji, mwaga maji, seli ziongeze 100 µl za Chelex ya 10% (chembe za resini zinazonasa madini). Chemsha dakika 10, zungusha tena dakika 1, chukua maji ya juu *tu*. Hapa ndipo PCR nyingi hufia: chembe za Chelex zikiingia kwenye pipeti zinanyonya magnesiamu, na polimerasi bila magnesiamu haifanyi kazi. Acha tone chini, usiwe na uchoyo.

PCR: 94°C sekunde 30, 64°C sekunde 45, 72°C sekunde 45, mizunguko 35. Kipande ni jozi-besi 221. Kisha HaeIII, kimeng'enya cha kukata DNA, 1 µl kwa 10 µl za PCR, 37°C dakika 30. Aleli ya kuonja inakatwa kuwa 177 na 44, ya kutoonja inabaki 221. Jeli lazima iwe asilimia 2, kwenye 1% hizo 177 na 221 zinapandana. Ule wa 44 usiutegemee, mara nyingi hauonekani au unafichwa na praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR).

Mtego mkubwa: kimeng'enya kisipomaliza kukata, TT anaonekana Tt (T ni aleli ya kuonja, t ya kutoonja). Namna ya kushuku: kwa Tt wa kweli mstari wa 221 kwa kawaida unang'aa kuliko wa 177, kwani nyuzi za aleli mbili zikioana zenyewe kwa zenyewe hazikatwi. Ukiona 177 inang'aa sana na 221 ni kivuli tu, huyo ni TT aliyekatwa nusu. Weka pia kishimo kimoja cha PCR isiyokatwa kila jeli.

Umeme ukikatika: mchanganyiko wa PCR uliokaushwa kwenye vidonge unakaa kabatini bila friji, upendeleeni huo. HaeIII ndiyo inayotaka –20°C. Mashine ndogo kama miniPCR inakula umeme kidogo, inveta ya sola inaibeba. Kutia rangi tumieni GelGreen na mwanga wa buluu. Bromidi ya ethidiamu shuleni sikubali.

---

MwalimuWaJinja

Dada, matokeo ya jeli na ya ulimi yatalingana kweli kwa wanafunzi wetu?

---

NnyaboChelex

Si wote, na usiwaambie wamekosea. Vitabu vinaeleza haplotaipu (matoleo ya jeni nzima) mbili, PAV ya kuonja na AVI ya kutoonja; herufi tatu ni asidi amino za nafasi tatu zinazobadilika. Afrika ina nyingine, hasa AAI. Kwenye herufi ya 145 ya DNA, inapokata HaeIII, AAI inafanana na AVI, haikatwi. Lakini ya pili kati ya nafasi hizo tatu za protini inafanana na PAV, na mwenye nayo anaweza kuonja kiasi. Kwa hiyo mtoto aliyesomeka "tt" kwenye jeli akakunja uso kwa karatasi ya PTC si maajabu. Mwambie jeli imesoma herufi moja tu ya jeni nzima.

Hilo ni bora mara mia kuliko kukunja ulimi. Sturtevant aliandika 1940 kwamba ni sifa ya kurithi, Matlock 1952 akapata mapacha wa kufanana ambao mmoja anakunja na mwenzake hawezi. Mpaka leo tunaifundisha kama aleli moja tawala.

---

Mgeni_S5

Je, tukiwapima wanafunzi kundi la damu na wazazi wao, ili waone urithi nyumbani kwao?

---

MwalimuWaJinja

Hapana, mwalimu. Kundi la damu la mtoto O na mzazi AB (kwa kawaida mzazi wa AB hapati mtoto wa O), darasa zima limeona, jioni kuna ndoa inavunjika. Selimundu ni hivyo hivyo. Usipime mwanafunzi damu yake darasani, na usiagize matokeo ya wazazi. Anayetaka kujua hali yake mwelekeze kituo cha afya ambako kuna mtu wa kumshauri.

Hata PTC: idhini ya mzazi kwa maandishi, neli ziwe na namba zilizochotwa kwenye kofia badala ya majina, orodha ya namba isiwepo popote, na anayekataa apewe sampuli ya kundi jingine afanye kazi sawa na wenzake. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data binafsi ya 2019 ipo, lakini hata isingekuwepo.

---

FundiJeli

Kuhusu hizo namba: msiandike kwa kalamu ya maki juu ya neli. Spiriti inafuta yote kwa mguso mmoja na unabaki na neli 24 zisizo na mwenyewe. Mkanda wa karatasi, penseli, na uandike kwenye kifuniko na kwenye ubavu, kwa sababu vifuniko hubadilishana.